Klabu Iliyokimbiwa Siku za Maji Mafu: Uchambuzi wa Kisa Kutoka Visiwa vya Lamu

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha visiwa vya Lamu, katika mihula mitatu ya mwaka mmoja wa shule. Majina ya kijiji, shule na wahusika yameondolewa, na mambo machache yasiyobadilisha maana yamegeuzwa ili mtu yeyote asitambulike. Mwandishi alikuwa mmoja wa waratibu watatu wa klabu ya mazingira ya shule inayoelezwa, kwa hiyo baadhi ya makosa yanayochambuliwa hapa ni yake mwenyewe. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu, viongozi wa vijana na wazazi wanaojiuliza kwa nini mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka ufukweni anakua bila hamu ya kuijua bahari wala miti inayoota ndani yake.

Usuli

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko katika Kaunti ya Lamu. Kwa karne nyingi msitu huo ulikuwa ghala la mji. Boriti zake zilibeba dari za nyumba za mawe za Mji wa Kale, ule ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, na hata upana wa vyumba vya nyumba hizo, ambao ni kama mita 3 hivi, ulipimwa kwa urefu wa boriti. Majahazi yalizipakia kwenda Uarabuni na Ghuba. Wakataji walikuwa na majina ya kila unene, kuanzia fito na pau, kupitia mazio na boriti, hadi nguzo na banaa. Na walikuwa na jina la kila aina ya mti wa mikoko, kwa sababu mchu hauwezi kufanya kazi ya mkandaa, wala mkandaa kazi ya mlilana, ambao mafundi huutafuta kwa mataruma, yaani mbavu, ya vyombo.

Mwaka 1982 usafirishaji wa boriti kwenda ng'ambo ulipigwa marufuku. Soko la ndani nalo likapungua kadiri nondo, saruji na mabati yalivyozidi kutumika. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya umma nchini, na familia zilizokuwa bado zinaishi kwa boriti zikajikuta bila kazi kwa ghafla. Mei 2021 gati ya kwanza ya bandari mpya ya Lamu ilifunguliwa, na baadhi ya maji yaliyokuwa ya uvuvi yakawa njia ya meli. Sitaji mambo haya ili kupinga hatua za kulinda msitu, kwani nyingine zilihitajika. Nayataja kwa sababu ndiyo yaliyoutenga msitu na maisha ya kila siku ya watoto wa kijiji tunachokizungumzia, ambao baba zao sasa huendesha bodaboda, hubeba mizigo bandarini au huchukua watalii kwa mashua.

Klabu ilianza baada ya mwalimu wa darasa la sita kuwapa wanafunzi wake 31 zoezi jepesi: waandike majina ya miti inayoonekana kutoka dirisha la darasa. Wengi waliandika “miti ya baharini” na kuishia hapo. Wanafunzi 4 tu ndio walioweza kutofautisha mkoko na mchu. Walipoombwa kuandika majina ya wanyama, wote walijaza ukurasa kwa simba, tembo, twiga na kifaru, ambao hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwaona.

Mfuatano wa matukio: muhula wa kwanza

Tuliandikisha darasa zima. Siku ya kukutana ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi, kwa kuwa alasiri za siku za shule na asubuhi ya Jumapili ni za chuo cha Kurani. Tulileta mabango tuliyopewa na wahisani, yenye picha za tembo, nyangumi na dubu wa barafu. Tulitunga kanuni tatu na kuzibandika mlangoni: usiguse, usichume, usiondoke njiani. Maji yalipokuwa yametoka tuliwapeleka ukingoni mwa msitu, tukasimama kwenye mchanga mkavu na kuwaeleza umuhimu wa mikoko kwa hewa ya dunia. Maji yalipokuwa yamejaa tulibaki darasani, tukasoma mabango na kuulizana maswali.

Jumamosi ya kwanza walikuja 27, ya pili 14, ya tatu 25, ya nne 11, ya tano 20, ya sita 9. Tuliona kushuka, hatukuona kupanda. Katika kikao chetu cha waratibu kila mmoja alikuwa na jibu lile lile, kwamba ni simu. Uamuzi wa kwanza ukawa kuwaomba wazazi wawanyang'anye watoto simu siku ya Jumamosi, na uamuzi wa pili ukawa kutoa daftari na kalamu kwa atakayehudhuria mara tatu mfululizo. Uamuzi wa kwanza haukutekelezeka, kwa sababu watoto wengi hawakuwa na simu zao. Walitazama za kaka zao usiku. Wa pili ulifanikiwa kwa wiki tatu. Kalamu zilipokwisha, na watoto wakaisha.

Mambo mawili yalitugeuza. La kwanza lilitokea katika mkutano wa wazazi. Baba mmoja, aliyekata boriti kwa zaidi ya miaka ishirini, alisimama na kusema kwa upole kabisa: “Mwalimu, mimi nimekaa kwenye matope yale ili mwanangu asikae. Ninyi mwamrudisha kufanya nini?” Wazazi kadhaa waliitikia kwa vichwa. Hatukuwa na la kumjibu.

La pili lilitokea barazani. Mzee mmoja, mkataji wa zamani ambaye watoto wa mtaa wote humwita Ami, aliomba kuona daftari la mahudhurio. Hakusoma majina. Alipitisha kidole kwenye tarehe, na kwa kila siku ya mahudhurio duni akauliza swali moja: mwezi ulikuwa wa ngapi? Tulichukua kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa chuoni na kulinganisha. Siku zote mbovu ziliangukia karibu na tarehe 7 au 22 ya mwezi mwandamo, yaani siku za maji mafu, ambapo bahari haijai wala haipwi sana.

Maelezo yake yanastahili kuandikwa kwa ukamilifu, kwa sababu ni elimu ambayo sisi watatu, wote wenye vyeti, hatukuitumia. Katika pwani yetu, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, tofauti ya kina ikizidi mita 3. Kila siku inayofuata maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Baada ya wiki moja huwa yamechelewa karibu saa sita, kwa hiyo katika maji mafu saa nne asubuhi ndiyo wakati wa kujaa. Na kwa kuwa bamvua hurudi baada ya takriban wiki mbili, Jumamosi zetu zilipokezana: moja ya msitu mkavu, moja ya darasani na mabango.

Watoto walikuwa wakijua. Mama mmoja alituambia kwamba mwanawe huamka Jumamosi, hutoka nje, hutazama maji, kisha huamua kama ataenda klabu. Tulikuwa tumemwandika mtoto huyo kuwa “hana hamu na mazingira”.

Maamuzi ya muhula wa pili na sababu zake

Uamuzi mkubwa ulikuwa kuifuata bahari. Ratiba ilipangwa upya kwa mwezi mwandamo: tulikutana Jumamosi zilizo karibu na bamvua peke yake, mara mbili kwa mwezi, na Jumamosi nyingine tuliziacha. Mwalimu mkuu alisita, kwa sababu fomu za shule hutaka shughuli ya kila wiki, lakini alikubali kwa majaribio.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuondoa kanuni za mlangoni. Tulizungumza na askari wa msitu wa eneo hilo, tukakubaliana kwamba watoto wanaweza kuingia, kugusa, kuokota kilichoanguka na kukusanya chambo, ila wasikate mti ulio hai na wamwachie kaa jike mwenye mayai. Sababu yetu ilikuwa kwamba mtoto aliyekatazwa kugusa kitu hufundishwa kuwa kitu hicho ni cha mwenyewe mwingine.

Wa tatu, na kwa maoni yangu uliozaa zaidi ya yote, ulikuwa kumpa kila mtoto haja ya kwenda. Hili halikuwa wazo letu; lilitoka kwa Ami, aliyesema kwamba yeye hakuwahi kuingia msituni “kuutazama”. Aliingia kwa sababu alitumwa. Basi watoto wakatumwa. Wengine walikusanya chambo cha mishipi ya wajomba zao. Wengine walitumwa chaza na tondo kwa ajili ya chakula cha jioni. Bibi wa mtoto mmoja aliagiza tunda la mkomafi, ambalo mbegu zake hutumiwa kwa maumivu ya tumbo. Dada mmoja wa makamo, aliyezoea kuokota chaza tangu usichana wake, alichukua kundi la wasichana, nasi tukabaki nyuma tukibeba maji ya kunywa.

Siku ya tunda la mkomafi ndiyo niliyoijua klabu. Tunda hilo ni kubwa kama mpira mdogo, na likipasuliwa hutoa mbegu zenye pembe zilizopangana ndani kama vipande vya fumbo. Ukizitoa, kuzirudisha zikae kama zilivyokuwa ni kazi ngumu mno. Watoto 11 walikaa kwenye mizizi wakijaribu kuzirudisha hadi maji yalipoanza kuingia miguuni mwao, wakigombana, wakianza upya, na hakuna aliyekumbuka kuomba simu ya mwalimu. Siku hiyo hiyo walijifunza bila somo kwamba mizizi ya mchu husimama kama penseli, ya mlilana ni minene kama pembe, ya muia hupinda kama goti, na ya mkoko hushuka kutoka juu kama mikono iliyoegemea tope, kwa sababu kila mmoja alijikwaa kwenye wake.

Vikwazo

Katika safari ya tatu mvulana mmoja alikatwa unyayo na ganda la chaza. Jeraha lilishonwa zahanati na likapona, lakini mzazi alilalamika shuleni kwa haki, na klabu ikasimamishwa kwa majuma matatu. Hatukuwa na sanduku la huduma ya kwanza wala kanuni ya viatu; tuliondoa makatazo yote kwa pamoja, yale ya kipuuzi na yale ya maana. Tuliporudi, kila mtoto alivaa viatu vya mpira, hata vikuukuu, na asiyekuwa navyo alibaki mchangani.

Wasichana walikuwa 14 katika darasa. Chini ya uongozi wa yule dada walifika 12 katika safari moja, idadi ambayo hatukuwahi kuipata, kisha wakaanza kupungua. Jumamosi asubuhi ni wakati wa kufua na wa kusaidia jikoni, na nguo zilizoingia matope ya mikoko hazitakati kwa urahisi. Tulizungumza na akina mama wachache tu, tena kwa kuchelewa.

Ami mwenyewe alikosa safari mbili kwa sababu alipata kibarua. Hatukuwa tukimlipa. Tulimlipa dereva wa boti iliyoleta mabango kutoka mjini, tukampa mchapishaji wa fulana za klabu haki yake, na mtu aliyebeba elimu yote tulimpa shukrani na chai. Naliandika hili kwa aibu.

Matokeo

Mwishoni mwa muhula wa tatu, licha ya maandalizi ya mtihani kuwavuta wengi, watoto 19 kati ya 31 walikuwa bado wanashiriki, 6 kati yao wasichana. Zoezi la dirishani liliporudiwa, wanafunzi 22 waliandika majina sahihi ya miti mitano au zaidi. Sioni takwimu hii kuwa muhimu sana, kwani majina hukaririka. La maana kwangu ni kwamba katika likizo, bila klabu wala mwalimu, watoto wasiopungua wanane walionekana msituni mara kwa mara wakati wa bamvua, wakiwa na ndoo.

Yule baba wa mkutanoni alimruhusu mwanawe kwenda. Yeye mwenyewe hakuja hata siku moja.

Uchambuzi

Dhana yetu ya kwanza, kwamba simu ndiyo iliyoiba hamu ya watoto, haikuwa uongo mtupu. Mwaka 2002 watafiti wa Cambridge walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba watoto wa Uingereza wenye umri wa miaka minane na zaidi waliwatambua viumbe wa kubuni wa mchezo wa Pokémon vizuri zaidi kuliko wanyama na mimea ya kawaida ya nchi yao. Somo nililolipata katika matokeo hayo baada ya kisa hiki ni tofauti na nililolipata mwanzoni. Watoto wana uwezo mkubwa wa kujifunza majina na tabia za viumbe wengi, na huutumia pale ambapo kumjua kiumbe kunawapa kitu cha kufanya na wenzao. Katika mchezo, kumjua kiumbe kuna faida. Katika kijiji chetu, kujua tofauti ya mchu na mkandaa kulikuwa na faida hadi biashara ya boriti ilipokufa, na baada ya hapo hakuna aliyeweka haja nyingine mahali pake. Simu iliingia katika nafasi iliyokuwa tayari wazi.

Lakini kukosekana kwa haja peke yake hakuelezi ukimya wa wazazi. Wapo wengi waliokuwa na elimu hiyo vichwani na hawakuitoa. Hapa ndipo swali la yule baba linapohitaji kusikilizwa kwa makini. Kwake, matope yalikuwa alama ya dhiki: mgongo ulioumia, malipo ya dalali yasiyotosha, na marufuku yaliyokuja bila mtu kumuuliza. Kumwepusha mwanawe na msitu lilikuwa tendo la mapenzi. Mtoto naye alielewa ujumbe huo vizuri kuliko bango lolote, kwamba aliyefaulu maishani ni yule asiyejua majina ya miti hii. Tunaposema kwamba watu wamepoteza hamu na viumbe na mimea inayowazunguka, mara nyingi tunazungumza kana kwamba hamu hiyo ilififia yenyewe. Katika kisa hiki ilizimwa kwa makusudi na watu wenye sababu nzuri, na klabu yetu, kwa kutogusia kabisa habari ya riziki, iliwathibitishia kwamba msitu sasa ni mali ya wahisani na watalii.

Mabango yalizidisha hali hiyo. Sina ugomvi na tembo. Ila mtoto anayeonyeshwa kila mara kwamba maumbile yenye thamani yako Tsavo au katika barafu ya ncha ya dunia, hujifunza kwamba kaa mwenye gando moja kubwa anayempungia nje ya mlango wake hahesabiki.

Lipo jambo jingine ambalo nililitambua kwa kuchelewa. Siku moja Ami aliwaonyesha watoto kwa mikono yake miwili ukubwa wa samaki aina ya tewa waliokuwa wakivuliwa alipokuwa kijana. Watoto walicheka, wakaiona kuwa hadithi. Mwaka 1995 mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly alieleza hali kama hii miongoni mwa wanasayansi wa uvuvi: kila kizazi chao huchukua hali kiliyoikuta kilipoanza kazi kuwa ndiyo kipimo cha kawaida, na upungufu uliotokea kabla yake hakiuoni. Watoto wetu nao hawakuwa na huzuni ya kupotea kwa samaki wakubwa kwa sababu kwao hakuna kilichopotea. Tungekuwa na busara tungemrudisha Ami na wazee wengine kwenye jambo hilo, tukapima samaki wanaoletwa diko, mahali vyombo vya uvuvi vinapofikia, siku hizi na kuwauliza wazee wapi na lini walivua wakubwa. Hatukufanya hivyo. Tulicheka pamoja na watoto, tukaendelea na safari.

Kufuata mwezi mwandamo kulifaa kwa sababu mbili. Kwanza, kuliondoa siku za mabango. Pili, kuliweka klabu ndani ya kalenda ambayo watoto walikuwa tayari wanaishi nayo, ile ya kufunga na kufungua, ya Maulidi na ya mishipi. Elimu ya maji haikuwa imekufa katika kijiji. Ilikuwa imebaki bila mwaliko. Mtu anayetazama dirishani na kuamua kutokwenda klabu kwa sababu maji yamejaa anayajua maumbile kuliko mratibu aliyepanga safari ya msituni saa ya maji kujaa.

Kuwatuma watoto kulifaa zaidi, ingawa kuna hatari yake. Watoto 30 wakitumwa chaza kila bamvua katika ukingo ule ule, chaza wataisha, na tayari katika muhula wa tatu yule dada alituonya kwamba mizizi ya karibu imebaki na wadogo. Alihamisha kundi lake hadi kijito cha pili na kuwafundisha kuwaacha wasiofika urefu wa kidole. Onyo hilo, nakiri, lilisikika kuliko somo letu lote la uhifadhi, kwa kuwa lilitoka kwa mtu ambaye naye angekosa mboga.

Kwa muhula unaofuata maamuzi matatu yamekwisha kufanywa. Ami na yule dada watalipwa kwa kila safari kutoka katika fedha zilizokuwa za fulana. Safari za wasichana zitaanza saa tatu na nusu, baada ya makubaliano na mama zao kuhusu kufua siku ya Ijumaa. Na kwa kuwa Jumamosi ya kwanza ya muhula itaangukia tarehe 8 ya mwezi mwandamo, klabu itafunguliwa wiki moja baadaye.